Siku Mke Mwenzangu Aliposimama Ili Nitolewe Meza ya Bwana

"Wanaokubali katiba mpya, wasimame!"

Nilifumba macho.

Nilipofumbua, mtu wa kwanza kusimama katika kanisa zima alikuwa mke mwenzangu.

Ngendo!

Mwanamke aliyenichagua kwa macho yake mwenyewe, akamwambia mume wetu, "Huyu ndiye nataka tukae naye." Mwanamke aliyenipikia uji siku zote nilizojifungua, akanibebea mtoto mgongoni ili mimi nipate usingizi.

Alisimama wima, leso mabegani, macho mbele. Hakunitazama hata kidogo.

Akina mama wengine walipomwona... wakaanza kusimama mmoja mmoja. Kisha wanaume. Kisha kanisa lote.

Nikabaki nimeketi peke yangu katikati ya miguu ya watu.

Wajukuu zangu, jina langu ni Wacera. Yaliyonipata ni ya zamani, lakini nimewasoma humu jinsi mnavyolia kwamba fulani amewasaliti, nikaona niwaandikie yangu. Kaeni vizuri. Si ndefu sana.

Ilikuwa mwisho wa Aprili, mwaka wa 1979. Pasaka ilikuwa imepita tu.

Sisi tulikuwa Walutheri wachache sana pale juu ya Wamagana, huko Nyeri, katikati ya Wapresbiteri na Wakatoliki. Dini yetu ililetwa na mzee Hezekiah Wamae. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi upande wa Moshi, akarudi na kitabu cha nyimbo, Biblia, na katiba ya usharika iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Katiba ile ya kwanza ilikuwa na huruma. Ilisema mwanamke aliyeolewa kuwa mke wa pili kabla ya kubatizwa, apokewe jinsi alivyo. Asiambiwe aache watoto wake.

Ndivyo nilivyopokewa mimi.

Mume wetu Mathenge alifunga ndoa ya kanisani na Ngendo, na mimi nikabatizwa. Mathenge alipofariki, tulibaki wajane wawili katika boma moja. Yeye tulimwita Mama Muriithi, kwa jina la mwanawe. Mimi niliitwa Mama Wachuka, kwa jina la binti yangu mkubwa.

Tulilima pamoja. Tulichuma kahawa pamoja. Jumapili tulipanda mlima pamoja kwenda kanisani.

Na mimi nilikuwa na kazi yangu pale kanisani. Kazi ndogo, lakini niliipenda kuliko nguo zangu. Nilifua kitambaa cheupe cha madhabahu na kukipiga pasi ya makaa. Kila Jumamosi.

Halafu mzee Hezekiah, mwenyekiti wa baraza la wazee, akasema katiba imezeeka.

"Makanisa mengine yanatucheka," alisema. "Ati sisi tunapokea kila mtu."

Desturi yetu ni kwamba katiba haibadilishwi kwa siku moja. Inasomwa mbele ya watu Jumapili tatu. Ya tatu, watu wanasimama au wanaketi, basi.

Jumapili ya kwanza alisoma kifungu cha tisa.

"Msharika kamili ni yule ambaye ndoa yake imebarikiwa kanisani. Mke wa pili atasikiliza Neno, lakini hatakaribia Meza ya Bwana, hatapiga kura, wala hatashika kazi ya madhabahu."

Hakutaja jina. Lakini mke wa pili pale kanisani alikuwa mmoja tu.

Watu waligeuka kunitazama kama ng'ombe anayeuzwa.

Niliporudi nyumbani sufuria iliniponyoka mkononi.

"Mama Muriithi, wananitoa!"

"Nimesikia."

"Nifanye nini?"

"Tulia. Usiseme kitu."

"Lakini..."

"Mama Wachuka, nimesema tulia. Usiende kwa mtu. Usigombane na mtu."

Yeye alikuwa kiongozi wa chama cha akina mama, na kiti chake kilikuwa ndani ya baraza la wazee. Nikajua atanisemea. Nikatulia.

Siku chache baadaye nilikuwa nikitoka kutafuta kuni nikamwona. Alikuwa anatoka kwenye lango la mzee Hezekiah. Mzee alikuwa amemsindikiza mpaka barabarani.

Wakapeana mikono.

Ati mikono! Kama watu waliokwisha kukubaliana jambo.

Nikajificha nyuma ya mti. Sijui kwa nini nilijificha. Moyo ulikuwa umeshajua kitu ambacho kichwa kilikataa.

Na Jumapili ya tatu... mmeona wenyewe. Alisimama wa kwanza.

Mchungaji wetu wa wakati huo alikuwa na sharika nyingi, sisi tulimwona mara moja kwa mwezi. Nilimkimbilia pale nje.

"Mchungaji, nisaidie."

"Mama, washarika wameamua. Mimi ni mtu mmoja."

Akapanda pikipiki yake akaenda.

Kisha mzee Hezekiah akanijia na fimbo yake.

"Kile kitambaa utarudisha lini?"

"Kiko kwenye kamba, mzee. Hakijakauka."

"Kikikauka, mpe Karambu."

Karambu alikuwa mama wa Meru aliyefagia kanisa. Nilimpelekea Jumanne, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne. Alikipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto.

"Pole, dada," aliniambia. "Mimi sijui kupiga pasi kama wewe. Nitakiharibu tu."

Neno hilo dogo lilinishika nisianguke njiani.

Sasa niwaambie jioni ile ya Jumapili yenyewe.

Nilimkuta Ngendo jikoni kwake, anakoroga viazi.

"Mama Muriithi."

"Naam."

"Umesimama."

"Nimesimama."

"Kwa nini?"

Alivunja ukuni, akausukuma motoni. Akavunja mwingine.

"Kula kwanza. Viazi vitapoa."

"Sitaki viazi vyako!"

"Basi nitakuwekea."

"Usiniwekee kitu! Tangu leo, usiniwekee kitu, usiniite, usiingie kwangu!"

Alichukua sahani yangu akaifunika na nyingine.

Nilitoka. Na huo ukawa mwisho wa maneno kati yetu.

Miaka kumi na miwili!

Boma moja. Njia moja ya kwenda mtoni. Tulipishana kama watu wawili waliokutana stendi ya Nyeri.

Kila Jumapili niliendelea kwenda kanisani. Mtaniuliza kwa nini sikuhama. Ningehamia wapi? Nilikuwa nimebatizwa pale. Mathenge alikuwa ameombewa pale. Mungu niliyemjua alikuwa ndani ya nyumba ile ya mabati.

Mahubiri yakiisha, mzee Hezekiah alisimama.

"Wasio washarika kamili, watupishe."

Watoto wadogo walitoka kwenda kucheza. Wageni wakatoka. Na mimi nikatoka, mama mzima, nimeshika Biblia.

Mlango ukafungwa nyuma yangu.

Nilikaa nje chini ya paa, ukutani, karibu na dirisha la tatu. Palikuwa na kigoda pale. Jumapili ya kwanza nilidhani kimesahauliwa. Ya pili kilikuwepo. Ya tatu kilikuwepo. Nikajua ni wema wa Karambu.

Na dirisha lile la tatu lilikuwa wazi siku zote. Hata Julai, ukungu ukishuka na baridi ikikata masikio. Madirisha mengine yote yalifungwa, lile likaachwa. Kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilisikia maneno ya mkate. Nilisikia maneno ya kikombe. Nilisikia viatu vya watu wakienda mbele na kurudi.

Nikaimba nao nikiwa nje. Kwa sauti ya chini, nisije nikaambiwa hata hiyo hairuhusiwi.

Pentekoste ya mwaka ule ule, binti yangu Wachuka alipata kipaimara. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Siku ya kipaimara mtoto husimama na mama yake mbele ya madhabahu.

Mama yake alikuwa nje.

Nilisimama juu ya kigoda nichungulie. Na nikaona nini?

Ngendo amesimama na mtoto wangu! Amevaa gauni lake la kijani, mkono umewekwa begani mwa Wachuka, anatabasamu huku machozi yanamtoka.

Nikashuka kile kigoda nikakaa chini kwenye majani.

Amenichukulia Meza. Sasa amenichukulia mtoto!

Wajukuu zangu, siku ile nilimchukia. Sitawaficha. Nilimchukia nikiwa nimekaa nje ya nyumba ya Mungu.

Na yeye? Yeye alianza mambo ya maziwa.

Ng'ombe wangu alikufa mwaka huo. Wake alikuwa anakamuliwa vizuri. Basi kila asubuhi nikifungua mlango nilikuta chupa ya maziwa kwenye uzio, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Bila salamu. Bila neno.

Dhamiri inamsuta, nikasema.

Nilimwaga maziwa yale kwenye sahani ya paka. Kila siku. Paka akanenepa mpaka majirani wakaniuliza, "Mama Wachuka, huyu ni paka au ni ndama?"

Chupa niliiosha nikairudisha kwenye uzio. Hiyo tu ndiyo heshima niliyomwachia.

Wachuka alimaliza shule. Alipata barua ya usharika, akapokewa shule ya wauguzi ya misheni upande wa Meru. Bila cheti cha kipaimara na barua ile, wasingemchukua. Nilimshukuru Mungu. Sikumshukuru mtu.

Mwezi wa pili wa 1991, Ngendo alianguka katikati ya kahawa.

Alipelekwa hospitali mjini Nyeri, akarudi upande wa kulia umekufa. Mdomo ulikuwa umepinda. Maneno yalikuwa yamekwenda. Mkaza mwanawe, mke wa Muriithi, ndiye aliyekuwa akimlisha.

Nilikwenda mara moja. Nilisimama mlangoni. Aliniona. Alitoa sauti, si neno, ni sauti tu... na mkono wake wa kushoto ukainuka juu ya blanketi.

Nikageuka nikaondoka.

Niliondoka, wajukuu zangu. Hayo nayabeba mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango. Hakukuwa na chupa kwenye uzio. Nilisimama pale kwa muda mrefu na yule paka wangu, tunatazama uzio.

Mwaka huo tulipata mchungaji mpya, kijana kutoka Meru, Mchungaji Thuranira. Huyu alikaa na sisi. Alipita boma kwa boma, akanywa uji wa kila mtu. Alinikuta Jumapili moja nje, nimekaa chini ukutani; kigoda hakikuwapo tena miezi hiyo.

"Mama, unafanya nini hapa kwenye baridi?"

"Nasubiri wamalize."

"Kwani wewe hukubatizwa?"

"Nimebatizwa, Mchungaji. Ni kifungu cha tisa."

Alivua sweta lake akaniwekea magotini, akarudi ndani.

Miezi mitatu baadaye akaleta katiba mpya. Akasema ile ya 1979 imewafungia watu nje. Ikasomwa Jumapili tatu.

Ya tatu ilikuwa Julai, baridi kali. Mimi, kwa kuwa sikuwa na kura, nilikuwa nje chini ya dirisha.

"Wanaokubali katiba yote kwa pamoja, wasimame."

Nikasikia mabenchi yakilia. Yote!

Mlango ukafunguliwa. Mchungaji Thuranira mwenyewe akatoka.

"Mama Wacera, ingia. Kwa katiba hii mpya wewe ni msharika kamili."

Karambu alinishika kiwiko akaniingiza. Akina mama wakapiga vigelegele. Nililia kama mtoto.

Hata sikuwa nimekaa vizuri mchungaji akaendelea kusoma.

"Kifungu cha kumi na nne tulichopitisha kinasema, msharika asiyeshiriki Meza ya Bwana kwa miaka mitatu, jina lake linaondolewa kitabuni. Nimeangalia rejesta. Majina ni matatu."

Niwaeleze kidogo. Sisi Walutheri wa pale, ukitaka kwenda Mezani Jumapili, unakwenda Jumamosi kuandikisha jina. Linaandikwa kwenye rejesta na tarehe. Na desturi yetu ilikuwa kwamba asiyekwenda Mezani haulizwi. Ni yeye na Mungu wake. Hata kumsema nyumbani ilikuwa haya.

"Wa kwanza, Gatimu, alihamia Kagio. Wa pili, Monicah, pia yuko Kagio."

Akageuza ukurasa.

"Wa tatu, Ngendo, mjane wa Mathenge. Mara ya mwisho kushiriki ni Aprili 1979."

Aprili 1979?

Nilidhani nimesikia vibaya. Ngendo? Aliyekuwa ndani kila Jumapili? Mimi nilitolewa, mlango ukafungwa, na yeye... hakula?

Nikasimama.

"Kwa nini?"

Mzee Hezekiah alikuwa mbele, amezeeka, mikono miwili juu ya fimbo. Hakugeuka.

"Mama, kaa chini. Mkutano haujaisha."

"Sikai, mzee! Mmenipa sauti sasa hivi, na ndiyo hii naitumia. Kwa nini mke mwenzangu hakwenda Mezani miaka kumi na miwili?"

"Muulize mwenyewe."

"Hana maneno! Unajua hana maneno! Wewe ulikuwa mwenyekiti. Nilikuona ukimpa mkono barabarani!"

Mchungaji akasema taratibu, "Mzee wetu, kama unajua, sema."

Mzee Hezekiah akazungumza akitazama sakafu.

"Kulikuwa na kifungu cha kumi."

"Kifungu gani? Hakikusomwa!"

"Hakikusomwa kwa sababu yake. Kilisema watoto wa mke wa pili wasipate kipaimara, wala barua ya usharika. Baraza lilikuwa limeshakubali. Tungekisoma Jumapili ya pili. Yeye alikuwa kwenye baraza, akakisikia. Akaja kwangu mara ya kwanza. Nikamfukuza. Akaja mara ya pili. Ya tatu akapiga magoti pale uani, mbele ya wake wa wanangu."

Nilishika benchi.

"Nikamwambia, cha kumi nitakitoa. Lakini akina mama walikuwa wanakuhurumia, na wasingesimama kwa cha tisa. Nikamwambia, 'Wewe simama wa kwanza. Wakiona mke mwenza amesimama, watasimama.' Na nikamwambia asikuambie. Akikuambia, kifungu kinarudi."

"Akasema nini?"

"Akasema sawa. Akanipa mkono. Halafu akasema, 'Lakini pale ambapo mwenzangu hatakula, na mimi sitakula.' Nilidhani ataacha baada ya mwezi mmoja."

Wajukuu zangu, Wachuka wangu alikuwa muuguzi! Kofia yake nyeupe, cheti chake, mshahara wake uliowasomesha wadogo zake... vyote vilipitia kwenye magoti ya Ngendo, kwenye udongo wa uani kwa mzee Hezekiah.

Nikamkimbilia mchungaji.

"Mrudishe! Mrudishe sasa hivi kwenye kitabu, halafu twende umpelekee Meza kitandani. Ni mgonjwa!"

Aliitazama ile karatasi aliyoshika.

"Mama... kifungu hicho nimekiandika mimi mwenyewe. Nilifikiria waliohama tu."

"Basi kifute!"

"Siwezi. Aliyeondolewa anarudishwa na washarika, na jambo lisomwe Jumapili tatu. Nikivunja katiba siku ile ile tuliyoipitisha, wale wasiokutaka watasema hata kifungu kilichokurudisha wewe si kitu. Nitaanza kusoma Jumapili ijayo. Naomba Jumapili tatu, mama. Tatu tu."

Katiba moja ilinifungulia mimi mlango, ikamfungia yeye. Na hakuna hata mmoja aliyetaka hivyo.

Nilikimbia nyumbani. Mwanamke wa miaka hamsini, nimeshika viatu mkononi.

Nilimkuta amelala amegeukia ukuta. Nikapiga magoti.

"Mama Muriithi."

Jicho lake likanigeukia.

"Mzee ameniambia. Yote."

Mimi ndiye niliyekuwa na maneno yote, na hayakunifaa kitu. Nilichemsha maziwa ya ng'ombe wake nikamlisha kwa kijiko, mengine yakimtoka upande wa mdomo, nikimfuta.

"Jumapili wananiita Mezani," nikamwambia. "Siendi. Mpaka twende wote."

Mkono wake wa kushoto ukatambaa kwenye blanketi, ukafika kwangu... ukanifinya!

Alinifinya kwelikweli, kama anavyofinywa mtoto mjinga kanisani.

Nikacheka. Na upande mmoja wa uso wake ukacheka pia.

Jumapili ya kwanza mchungaji alisoma jina la Ngendo mbele ya watu. Kisha akaita watu Mezani. Nikaketi. Hakuna aliyeniuliza, ndiyo desturi.

Jumapili ya pili, vivyo hivyo.

Jumatatu iliyofuata, saa sita mchana, nilikuwa nachemsha maziwa. Niliporudi na kikombe alikuwa amekwenda.

Maziwa yalikuwa bado moto.

Tulimzika Alhamisi, karibu na Mathenge. Kwa kuwa jina lake halikuwa kitabuni, kengele ya kanisa haikulia, na mchungaji hakuruhusiwa kumzika. Basi Thuranira alikuja bila kanzu. Alikuja na gambuti na beleshi, kama jirani, akachimba kaburi na vijana wa kijiji mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Karambu alikuja na kikapu. Akatoa kitambaa cheupe, kimechakaa, nikakijua kwa mkunjo. Ni kile cha madhabahu nilichokuwa nafua.

"Karambu! Utafukuzwa kazi!"

"Hii ni ya zamani, dada. Haiko kwenye kitabu yoyote."

Tukalifunika jeneza nacho.

Mzee Hezekiah alisimama nje ya uzio, kofia mkononi. Hakuingia. Nilimtazama muda mrefu, kisha nikampelekea kiti. Alikuwa mzee, na jua lilikuwa kali. Ngendo angempelekea.

Jumapili ya tatu mchungaji alisoma kwa sauti iliyokatika.

"Wanaokubali Ngendo, mjane wa Mathenge, arudishwe, wasimame."

Wa kwanza kusimama nilikuwa mimi.

Jina lake likarudi kitabuni... siku tatu baada ya kuzikwa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuandikisha jina. Karambu alikuwa anafagia.

"Karambu, sijawahi kukushukuru. Kile kigoda cha pale dirishani, miaka yote ile. Mungu akubariki."

Alisimamisha ufagio.

"Kigoda gani? Mimi sina kigoda."

"Kile cha nje!"

"Haiya! Kile kilikuwa cha Mama Muriithi. Alikuwa anakileta mapema kabla watu wafike, anakiweka hapo nje. Halafu anaingia anaketi hapa, nyuma ya hili dirisha. Mzee Hezekiah akisema lifungwe kwa baridi, yeye anasema, 'Liacheni.' Watu wakienda Mezani, yeye hapa tu, ameegemea ukuta."

Nilikwenda nikaketi pale alipokuwa akiketi. Nikaegemeza mgongo kwenye ukuta.

Upande wa pili wa ukuta ule ndipo nilipokuwa nikiegemeza wangu.

Miaka kumi na miwili, Jumapili kwa Jumapili, mgongo kwa mgongo, ukuta mmoja katikati. Mimi nikiwa nje nikimlaani. Yeye ndani akikaa na njaa yangu.

Wajukuu zangu, wengine wenu mnaandika katiba za vyama na za makanisa. Kabla hamjawaambia watu wasimame, tokeni kwanza nje muone ni nani mnamwachia baridi. Hata katiba nzuri ina mlango unaoweza kumbana mtu mliyempenda.

Na wewe unayelia kwamba umesalitiwa na mtu aliyekupenda miaka ishirini... muulize kwa nini. Akikuambia viazi vitapoa, kaa ule. Kisha muulize tena.

Mimi niliuliza mara moja tu.

Na akikuwekea maziwa kwenye uzio, tafadhali, usimpe paka. Kunywa.